Karamu ya Pentekoste

Jumapili, 5 Aprili 1964

Mwalimu Elkanah ameniambia nisome kifungu cha Maandiko kila siku, kisha niandike nilichopata, kwa Kiswahili wala si kwa Kijaluo, ili ulimi na mkono vizoee. Amesema yeye hatasoma. Ni baina yangu na Mungu, na Mungu hasahihishi tahajia. Aliyasema hayo akiwa amelala kitandani, mguu umefungwa vipande vya mbao, maana alianguka alipokuwa akiziba paa la shule.

Kwa sababu ya mguu huo hawezi kusimama kanisani kutafsiri, na kazi hiyo nimepewa mimi. Mwinjilisti mpya, Caleb Mirumbe, amekuja kutoka Ntimaru kukaa nasi hapa Sori hadi baada ya Pentekoste. Ni Mkuria, na Kijaluo chake hakitoshi hata kuomba maji ya kunywa. Atahubiri kwa Kiswahili, nami nitawapa watu kwa Kijaluo. Mzee Zadock, ambaye ndiye mzee wa kanisa, alisema si vizuri msichana wa darasa la saba kusimama kando ya mimbari. Mwalimu akamuuliza ni nani mwingine hapa anayeota ndoto kwa Kiswahili. Mimi naota hivyo kwa sababu nililelewa Kericho, Baba anakochuma chai, nikicheza kwenye bomba la maji na watoto wa makabila yote.

Nimesoma mwanzo wa 1 Wakorintho. Paulo anamshukuru Mungu kwa ajili ya watu wale kwa kuwa wametajirishwa katika usemi na maarifa. Nimerudia mstari huo, nikafurahi kuliko inavyofaa.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Ziwa limeingia sokoni. Wauza samaki wamehamia barabarani.

Jumapili, 12 Aprili

Leo nimetafsiri. Sauti haikutetemeka. Mwinjilisti husema sentensi moja, anangoja, kisha anaendelea, kama mtu anayempitishia mwenzake matofali. Alianza na sura ya kumi na tatu ya 1 Wakorintho. Alisema kwamba kabla hajatufundisha kitu kingine chochote atatufundisha upendo, maana yasiyojengwa juu yake hubomoka.

Mstari wa kwanza tu ulikuwa na neno upatu. Sijui upatu ni nini. Kule bombani Kericho hakuna aliyelisema. Watu walikuwa wananitazama, na Mama alikuwa ananitazama kuliko wote, basi nikasema ngoma. Hakuna aliyeshtuka. Mstari ukapita.

Tulipotoka, akina mama walinishika mkono. Dolphine, tunayeketi naye dawati moja, alinipigia goti kwa dhihaka akaniita Bibi Ulimi. Sikukasirika.

Jumatano, 15 Aprili

Tumemhamisha Dayo Filister. Sisi Wajaluo humwita bibi mzee dayo, na huyu ni dayo wa kila mtu, kwa kuwa wajukuu wake mwenyewe hakuwapata. Mumewe alikufa, na watoto wake wote walikufa wangali wadogo. Ziwa limemeza shamba lake lote, na leo asubuhi maji yalikuwa yamefika kwenye mafiga. Mzee Zadock amempa kibanda na kipande cha ardhi juu kilimani.

Hakuwa na vitu vingi. Alichobeba mwenyewe, akakataa mtu yeyote asikiguse, ni chungu kilichokuwa kikining'inia juu ya moto, kimefunikwa kwa kitambaa na udongo. Ndani yake mna mbegu za mtama. Moshi huzilinda na wadudu. Amesema atazipanda huko juu mvua ikipungua makali, kwa maana sasa hivi zingesombwa. Kitoto cha jirani kiliuliza kwa nini asizipike, na yeye akakijibu kwamba mtu anayepika mbegu zake amekwisha kuaga.

Jumapili, 19 Aprili

Mvua kubwa, watu wachache. Mwinjilisti aliomba tu, nami nikatafsiri maombi. Aliniombea kwa jina.

Ijumaa, 24 Aprili

Nyumbani tunakula mara moja kwa siku. Mama anasema tumefunga kama Wakristo wazuri, tofauti ni kwamba hatukuambiwa siku ya kufungua.

Jumapili, 26 Aprili

Kanisa lilijaa. Mwinjilisti alisema kwamba siku ya Pentekoste kila mmoja wetu aje na karamu yake. Hata kama ni ndogo, asione haya. Asiifiche nyumbani, wala asitamani ya jirani, bali ailete mbele ya Bwana ili iwafae wote.

Mara ya kwanza nilisikia kama anasema karama. Nilidhani ni ulimi wake wa Kikuria unaobadilisha mwisho wa neno, kama sisi tunavyosema samba badala ya shamba. Nilitaka kumwomba arudie. Lakini mkalimani anayeomba kurudiwa ni kama mpishi anayeuliza chumvi iko wapi wageni wakiwa wameketi. Nikasema kwa Kijaluo kwamba kila mtu alete chakula cha karamu.

Kisha nikaona jambo ambalo sikulitarajia: nyuso ziliinuka. Ni muda mrefu hakuna aliyetuomba kitu. Mwaka huu sisi ndio tumekuwa wa kuombewa.

Jumatano, 29 Aprili

Naandika kwa shida.

Mama alinituma nimpelekee Mwinjilisti uji kwenye nyumba ya Mzee Zadock anakolala. Alinishukuru, akasema, "Binti yangu, Mungu amekupa karama kubwa."

Nikatazama kibuyu. "Ni uji tu, Baba," nikasema.

Alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. Akasema hata unyenyekevu ni karama. Njiani nikajiuliza unyenyekevu unawezaje kuwa chakula. Nilipofika nyumbani nikafungua sura ya kumi na mbili, ambayo nilikuwa sijaifikia, na hapo ndipo nilipoliona neno karama limeandikwa waziwazi. Kuna karama nyingi na Roho ni yule yule. Mmoja hupewa neno la hekima, mwingine imani, mwingine kuponya, mwingine kutafsiri lugha. Ni vipawa ambavyo Mungu huviweka ndani ya mtu. Si chakula. Hakutuomba chakula hata punje moja.

Na karama ya kutafsiri imetajwa mwishoni kabisa.

Jumamosi, 2 Mei

Kesho nitasema. Nitaanza kabla Mwinjilisti hajafungua kinywa. Nimejizoeza maneno: ndugu zangu, Jumapili iliyopita nilikosea.

Jumapili, 3 Mei

Sikusema.

Mwinjilisti alirudia mwaliko wake. Akasema karama tena, mara nyingi, na sasa nililisikia vizuri kabisa, kila herufi. Na mimi nikasema chakula. Jumapili ile nilikosea bila kujua. Leo nilijua, na mdomo wangu ukalisema wenyewe kwa sababu nilimwona Mama akiitikia kwa kichwa, kwa majivuno.

Baada ya ibada Mwinjilisti aliniita kando. Neno letu la karamu kwa Kijaluo ni nyasi, na masikio yake yalikuwa yamelinasa.

"Nimekusikia ukitaja nyasi," akasema. "Mimi sikuhubiri habari za nyasi. Au nilisema kitu kibaya?"

Hapo Mungu alinifungulia mlango kabisa. Ningesema neno moja tu. Badala yake nikamwambia kwamba Wajaluo wakitaka kusema juu ya unyonge wa mwanadamu hutaja majani yanayonyauka, kama nabii Isaya. Aliupenda usemi huo. Alinishukuru kwa kumfundisha.

Sura ya kumi na tatu inasema upendo haufurahii udhalimu bali hufurahi pamoja na kweli. Nimeifunga Biblia kabla sijamaliza.

Jumatatu, 4 Mei

Shule imefunguliwa. Hesabu.

Ijumaa, 8 Mei

Nilikwenda kwa Dayo Filister na kuni. Nilimkuta ameteremsha chungu na anaanika mtama juani, juani kwa maana ya nusu saa iliyokuwapo kati ya mvua mbili. Nilidhani anakwenda kupanda. Nikamuuliza kama nimsaidie kulima.

Akasema halimi. Anakausha ili usagike vizuri kwa Pentekoste.

Nilimwambia kwamba wazee kama yeye hawalazimiki. Nikamwambia alete mboga za majani tu, au aje na fimbo yake, inatosha. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyesahau somo lake mwenyewe.

"Nyakwara," akasema, ndiyo kusema mjukuu wangu, "si wewe uliyesema hata kama ni ndogo nisione haya?"

Kisha akaniambia jambo ambalo ningependa nisilisikie. Tangu mumewe afe, kwenye kila arusi na kila matanga yeye huwekewa sahani. Hupewa, hushukuru, huketi karibu na mlango. Hakuna anayemwambia Filister, lete. Hata kanisani kikapu kikipitishwa humruka, kwa huruma. Akasema aliposikia kila mmoja, alijigusa kifua kujiuliza kama naye yumo, kisha akajijibu kwamba Mungu hajui kuhesabu kwa kuruka.

Ningemwambia wakati ule. Lakini ningemwambiaje bila kumnyang'anya hilo pia? Najua hii ni sababu nzuri, na najua siyo sababu yangu. Sababu yangu ni kwamba naogopa kuchekwa.

Jumapili, 10 Mei

Mvua ilipiga mabati hivi kwamba hakuna aliyesikia mahubiri. Nilishukuru kwa mvua, na shukrani hiyo nayo ni dhambi.

Jumatatu, 11 Mei

Mwalimu Elkanah ameanza kutembea kwa gongo. Leo aliniuliza ni karamu gani hii inayozungumzwa kila nyumba, wakati watu wanakula mizizi.

"Ni nani aliyeagiza karamu?" akauliza.

"Mwinjilisti," nikasema.

Alitikisa kichwa. Akasema huko vilimani kwao ziwa haliwafikii, basi mtu wa Ntimaru hajui njaa ya huku. Kwanza nilikosea neno, pili nikadanganya juu ya majani, na sasa nimemtwika mtu mwingine mzigo wangu. Na mtu huyo aliniombea kwa jina.

Jumatano, 13 Mei

Kisimani wanawake walikuwa wanasema Mkuria amekuja kunenepea kwetu. Mmoja akasema afadhali angeleta ng'ombe kutoka kwao, maana Wakuria wanao, wa halali na wa usiku. Wakacheka. Mimi nampelekea uji, najua anachokula. Jana nilimkuta akitafuna muhogo wa kuchemsha, bila kitoweo, na nusu yake alikuwa amewagawia watoto wa Mzee Zadock.

Niliteka maji nikaondoka.

Alhamisi, 14 Mei

Leo nimesoma sura ya kumi na moja, niliyokuwa nimeiruka. Wakorintho walikusanyika kula, wengine wakashiba na wengine wakabaki na njaa, na Paulo akawauliza kama wanataka kuwatahayarisha wasio na kitu. Nilidhani barua hii iliandikiwa watu wa zamani.

Jumamosi, 16 Mei

Dayo Filister aliagiza niende. Mikono yake inauma kwa ubaridi na hawezi kusukuma jiwe la kusagia. Mama aliniambia niharakishe, kazi ya Bwana haingojwi.

Nilipiga magoti mbele ya jiwe. Yeye aliketi pembeni akinimiminia mtama kwa kiganja, kidogo kidogo, kama anayemlisha mtoto. Mbegu zilikuwa nyekundu na zilinuka moshi wa nyumba yake iliyozama. Nilisema moyoni, nikimaliza kiganja hiki nitamwambia. Kikaja kingine. Alikuwa akiimba. Aliniambia mama yake ndiye aliyempa mbegu za kwanza alipoolewa, na kila mwaka huzitenga upya, kwa hiyo mtama huu ni mtama wa mama yake bado.

Nikasukuma jiwe. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisaga mpaka chungu kikawa kitupu, kisha nikakung'uta unga uliobaki kwenye nguo yangu usipotee, na yeye akanisifu kwa kuwa mwangalifu.

Jumapili, 17 Mei, Pentekoste

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mvua ilikatika asubuhi. Watu walikuja wamevaa nguo walizookoa, zina mistari ya maji. Mwalimu Elkanah alikuja kwa gongo lake na kuketi mbele, na nilipomwona nilijua kwamba leo kuna sikio jingine la Kiswahili ndani ya nyumba. Mwinjilisti alihubiri kwa ufupi juu ya Roho aliyewafanya watu wasikie kila mmoja kwa lugha yake. Nilitafsiri vizuri. Sijawahi kutafsiri vizuri vile.

Kisha Mzee Zadock akaashiria, na wanawake wakaingia kutoka nje na vyakula. Samaki wakavu. Mboga chungu. Kuku wa Mama, ambaye ndiye aliyekuwa akitaga. Viazi vitamu vidogo kama vidole. Na mbele yao wote, kwa kuwa alikuwa ameomba atangulie, Dayo Filister na kikapu cha ugali wa mtama, umefunikwa kwa leso.

Mwinjilisti alisimama kama mtu aliyeamshwa. Alitazama kikapu baada ya kikapu. Macho yakamjaa machozi.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi niliwaomba karama, nanyi mkaniletea na karamu. Katika njaa hii. Ni nani aliyewafundisha upendo wa namna hii?"

Akanigeukia, akangoja.

Kwa Kiswahili maneno hayo mawili ni mapacha, mtu anaweza kumficha mmoja nyuma ya mwingine. Kwa Kijaluo hayafanani hata kidogo. Ningeweza kusema tu kwamba Mwinjilisti anashukuru kwa chakula. Watu wote wangeitikia amina. Mwalimu Elkanah alikuwa ameinua uso na kuniangalia. Alikuwa amekwisha kuelewa, nadhani, na hakunisaidia wala kunizuia.

Lakini si yeye aliyenifanya niseme. Ni Dayo, aliyekuwa amesimama karibu nami kabisa, akingojea kusikia Mungu amesemaje juu ya kikapu chake. Kama ningesema uongo, ningeusema usoni pake, karibu hivyo.

Nikasema, "Mwinjilisti anasema aliomba vipawa vya Roho, nanyi mmeleta na chakula." Kisha nikasema, "Chakula hakuomba. Sikuijua maana ya neno lake, nikaona haya kumuuliza. Baadaye nikaijua, na bado sikuwaambia. Kosa ni langu. Yeye hajui lolote."

Kijana mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Mama alitazama chini. Mwinjilisti aliona nyuso zinavyobadilika, akaniuliza taratibu nimewaambia nini, na ikabidi niseme yote upya kwa Kiswahili, pamoja na habari za majani ya Isaya. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Hakunikaripia. Alisema tu, "Ungeniuliza, binti yangu," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

Dayo Filister alikuwa bado amesimama.

"Kwa hiyo," akasema, "Mungu hakuniomba."

Mimi ndiye mkalimani, na sikuwa na neno katika lugha yoyote.

Akaiweka leso kando. Akasema basi tule, chakula kimekwisha kuiva, hakirudi kuwa mbegu. Ndipo watu walipotambua ni unga gani, maana chungu chake kinajulikana, na mama mmoja akaanza kulia. Dayo alikata ugali mwenyewe na kumgawia kila mtu kwa mkono wake. Alipofika kwangu nilidhani atanipita. Hakunipita. Alinipa kipande sawa na cha wengine, akangoja nikile.

Nilikila.

Jumatatu, 18 Mei

Shuleni wameniita Zilpah Karamu. Dolphine hakuniita hivyo. Aliketi nami.

Jumatano, 20 Mei

Mama amegawa mbegu zetu za mtama, akanipa bakuli nimpelekee Dayo. Hajaniambia neno la lawama tangu Jumapili, na ningependa aniambie.

Dayo alinikaribisha, akanipa kigoda. Nilipofunua bakuli akanirudishia. Alisema alichompa Mungu hakirudishwi na mtoto. Nikamwambia ni Mama aliyetuma. Akasema Mama ametuma kwa sababu yangu, na mimi nimekuja kwa sababu yangu mwenyewe, na kwamba anachoka kuwa mahali ambapo watu huja kutua mizigo yao.

Nilibeba bakuli hadi nyumbani.

Jumapili, 24 Mei

Nilikataa kutafsiri. Mwenye duka mmoja, ajuaye Kiswahili cha biashara tu, alisimama badala yangu, na Mwinjilisti akisema mengi yeye anasema machache. Dayo hakuja kanisani.

Jioni Mwinjilisti alikuja nyumbani kwetu. Alisema kesho anakwenda kwao Ntimaru kumwona mkewe Milka, na akirudi anataka nisimame tena kando yake. Nikamjibu kwamba karama hiyo nimeichafua. Akasema karama si yangu hata niichafue, aliyechafuka ni mimi, na mtu huoga.

Jumapili, 31 Mei

Dayo hakuja. Niliketi karibu na mlango, mahali pake.

Alhamisi, 4 Juni

Kilimani kwa Dayo pameota magugu. Nilipita mbali nikayaona. Mvua ya mwaka huu haijui kuaga, ardhi bado inakubali mbegu, na yake imelala bure.

Jumapili, 7 Juni

Nimesimama tena. Alisema neno utaratibu, ambalo nalijua, lakini nilimwomba alirudie ili niwe na hakika. Mzee Zadock alikohoa. Mwenye duka akacheka. Ilikuwa aibu kidogo, ikapita, kama maji ya baridi.

Usiku wake sikulala vizuri hata hivyo. Kuuliza leo hakumrudishii mtu chochote.

Jumamosi, 13 Juni

Asubuhi nilisoma sura ya kumi na nne. Paulo anaona heri maneno matano yanayoeleweka kanisani kuliko elfu kumi yasiyoeleweka. Sikuandika lolote chini yake. Nilisikia naitwa nje.

Alikuwa Mwinjilisti, na begani mfuko mdogo. Akasema twende kwa yule mama. Njiani hakuniambia nini cha kusema. Aliniambia tu nisimpunguzie wala nisimwongezee.

Dayo alikuwa mlangoni akichambua mboga. Alitukaribisha bila kuinuka. Mwinjilisti aliufungua mfuko. Ulikuwa na mbegu za wimbi, nyeusi-nyekundu, safi.

Akasema, "Mwambie haya si malipo. Mimi sina deni la mtama kwake, na wewe deni lako sitakulipia. Nilimsimulia Milka habari za huku, akaenda ghalani. Anaomba mama huyu ampandie wimbi lake huku ziwani, aone kama litakubali. Likikubali wagawane."

Nikatafsiri kama alivyosema, hata pale pa deni langu.

Dayo aliacha mboga. "Ni nani anayeomba?"

"Milka, mke wa Mwinjilisti."

"Anamwomba nani? Watu wa Sori, au mimi?"

Nikamgeukia Mwinjilisti, nikamuuliza kama Milka alimtaja Dayo kwa jina. Nilimwomba Mungu jibu liwe ndiyo. Mwinjilisti alifikiri, kisha akatikisa kichwa.

"Jina hakulijua," akasema. "Alisema, mpelekee yule mama aliyesaga mbegu."

Nilisimama nimeishika sentensi hiyo mdomoni. Ilikuwa rahisi sana kusema, ndiyo, alikutaja, Filister. Lingekuwa neno moja, tena la kumfariji. Na lile lingine lilikuwa kisu, kwa maana ni nani aliyesaga? Mikono ilikuwa yangu.

"Hakulijua jina lako, Dayo," nikasema. "Alisema, mpelekee yule mama aliyesaga mbegu."

Kuku wa jirani alikuja akadonoa mboga zake, na yeye hakumfukuza. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikadhani nimemliza, kumbe anacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Huyo ni mimi," akasema. "Hapa Sori hakuna mwingine."

Akatandaza leso yake mapajani, akamwashiria Mwinjilisti amimine. Alipitisha vidole ndani ya wimbi, akanusa, akauliza hupandwa kwa mistari au kwa kurusha. Sikujua. Nikamuuliza Mwinjilisti, akanieleza, nikamweleza yeye.

Bado hakuniangalia. Alifunga leso fundo, akainuka kwa kushika mlango, akatazama magugu yake na wingu lililokuwa likija kutoka ziwani.

"Zilpah," akasema, "jembe liko nyuma ya mlango."